Binti wa Tatu, Mama Amwagiwa Matusi: Jamani, Y Inatoka kwa Baba!

Huko Insta hapakaliki. Staa mmoja wa Bongo Fleva, ambaye tayari ana mabinti wawili, amefanya sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto anayekuja. Ukumbi umependeza, ndugu wamepiga sare, simu zote juu. Puto likapasuliwa, vikamwagika vikaratasi vya pinki. Jamaa akatabasamu kwa meno tu, halafu huyoo, akatoka kwenye kamera. Mama kijacho akabaki peke yake mbele ya keki.

Video yenyewe haina hata nusu dakika. Kilichotisha ni komenti. Mmoja anasema tumbo la huyo dada ni la kike tu. Mwingine anamshauri jamaa akatafute nje. Mashosti nao wakaja na mapishi: angekula nyama na vyenye chumvi, angelalia ubavu wa kulia, angehesabu siku vizuri. Kwa kifupi, kosa limeshapatikana na mkosaji ni mama.

Hapo ndipo wengi wanapochemka.

Yai la mwanamke lina kromosomu X. Basi. Hana yai la aina nyingine. Mbegu za mwanaume ndizo zenye makundi mawili: karibu nusu zimebeba X, karibu nusu zimebeba Y. Yai likirutubishwa na mbegu yenye X, kwa kawaida anakuja binti. Ikiwahi yenye Y, anakuja dume. Wala siyo habari mpya. Mwaka 1905 mwanasayansi wa Marekani, Nettie Stevens, aliliona hilo alipokuwa akichunguza wadudu wa unga. Miaka zaidi ya 100 baadaye, bado kuna mwanamke anarudishwa kwao kwa sababu "hazai dume".

Sasa msigeuze kibao mkaanza kumtukana baba. Y inatoka kwake, ndiyo, lakini yeye hachagui mbegu ipi ifike. Ni kama kurusha shilingi. Duniani huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100, yaani karibu sare. Kwa hesabu hiyo, katika kila familia nane zenye watoto watatu, moja hivi itakuwa na mabinti watupu. Hakuna aliyerogwa, hakuna mwenye nuksi.

Vipi kuhusu zile mbinu? Ya kuhesabu siku ilipata umaarufu Marekani kupitia daktari Landrum Shettles, aliyedai kwamba ukikutana na mwenzio karibu na siku ya yai kupevuka utapata dume, na ukiwahi siku kadhaa kabla utapata binti. Mwaka 1995 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta ujauzito. Siku ya tendo haikubadilisha jinsia ya mtoto.

Chakula nacho kilivuma. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza waliangalia akina mama 740 wa uzazi wa kwanza, wakakuta waliokula chakula chenye nguvu nyingi zaidi walizaa wavulana kwa asilimia 56, na waliokula kidogo zaidi asilimia 45. Wataalamu wa takwimu wakauponda: ukipima vyakula vingi kwa mpigo, lazima kimoja kitaonekana kina maajabu. Kwa hiyo dada, kula ushibe, lakini usile ukitegemea Y.

Hatari zaidi ni ile ya kujisafisha ukeni kwa magadi au siki. Hiyo haileti mtoto wa jinsia yoyote. Inavuruga bakteria wazuri wanaolinda uke na kufungua mlango wa maambukizi. Kama kuna shosti anakuuzia hiyo, mblock.

Kuna jipya la 2025 ambalo wambea watalidaka vibaya. Watafiti wa Harvard walipitia taarifa za wanawake zaidi ya 58,000 wa Marekani, wakaona baadhi ya familia huwa na mwelekeo wa kurudia jinsia ileile, hasa pale mama alipoanza kuzaa akiwa na umri mkubwa kidogo. Yaani shilingi ya baadhi ya nyumba imeegemea upande mmoja. Lakini huo ni mwelekeo, siyo hukumu, na utafiti ulijengwa juu ya taarifa za akina mama. Mwenye hamu ya kumlaumu mke hapati silaha hapo. Na mwenye mabinti watatu anayejipa moyo kwamba wa nne "lazima" atakuwa dume, naye hana uhakika huo.

Njia inayofanya kazi kweli ni ya maabara: mayai yanarutubishwa nje ya mwili, viinitete vinapimwa, kinachotakiwa ndicho kinachopandikizwa. Ni gharama kubwa, na Uingereza hairuhusiwi mpaka kuwe na sababu ya ugonjwa wa kurithi.

Sasa turudi kwenye ile keki. Inadaiwa huyo dada amejifungua kwa upasuaji mara mbili, na huyu wa tatu naye anakuja kwa kisu. Tayari upande wa mume wameanza kunong'ona kuhusu wa nne. Watu wanaosema "jaribu tena" hawalali wao mezani. Kila upasuaji unaoongezeka unaongeza hatari ya kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kovu, kutoka damu nyingi, hata kupoteza kizazi au maisha. Mtu anaambiwa aweke roho yake rehani kwa jambo ambalo hana uwezo wa kuliamua.

Na hoja ya mrithi? Sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kumiliki ardhi. Nchi yenyewe inaongozwa na mwanamke tangu Machi 2021. Jina la ukoo halipotei kwa kuzaa binti. Linapotea kwa kumlea kama bahati mbaya.

Maana wale mabinti wawili watakua, watashika simu, wataiona ile video. Watamwona baba yao akiondoka kwa sababu ya rangi ya pinki, na watasoma kila komenti. Huyo wa tatu ndiyo kabisa, atajua alipokelewaje kabla hajazaliwa. Staa bado ana muda wa kurudi kwenye kamera, kusimama pembeni ya mkewe na kukata keki upya.

Wewe unaonaje? Ungekuwa dada wa huyo mama kijacho, ungemwambia nini shemeji? Dondosha komenti yako hapo chini, matusi pembeni.