Mtu Mweusi, Barabara Nyeusi

Ndugu msomaji, umekwisha kutembea magaribi kwenye barabara ya Goma–Rutshuru, hapa Kalengera? Udongo wa volkano ni mweusi, mawe nayo meusi. Unaenda, mara unashtuka: kumbe kuna mtu na chukudu yake! Alikuwa mbele yako, lakini macho hayakumtenga na barabara.

Juu ya nini? Kwa sababu kuona si kupokea mwanga tu. Jicho linalinganisha kila sehemu na jirani yake. Pale mwanga unapobadilika, ubongo unaweka mpaka na kusema: huku ni kitu, kule ni nyuma yake. Mwaka 1915 mtaalamu wa Denmark, Edgar Rubin, alionyesha picha ya namna hiyo. Ukitazama katikati unaona chombo cha maua. Ukitazama pembeni unaona nyuso mbili zinazotazamana. Vyote pamoja huvioni, kwa sababu mpaka ni mmoja, na ubongo unaupa upande mmoja tu.

Pasipo tofauti, mpaka unapotea. Mwindaji anajua: mnyama akitulia majanini humwoni, akitikisika unamwona.

Sasa wazazi, sikieni. Mtoto akitoka kwaya jioni, mvalisheni kitu cheupe. Msitegemee mupira mwekundu. Giza likiingia jicho linapoteza rangi, na nyekundu ndiyo inageuka nyeusi mapema. Dereva wa kamyo hataiona.

Na ninyi vijana wa mashimo ya koltani, kule Rubaya na kwingine: ukitoka juani usiingie shimoni mbiombio. Macho yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza kabisa. Washa tochi, simama kwanza, ndipo ushuke. Shimo la zamani lizungusheni mawe yaliyopakwa chokaa. Mdomo wa shimo na udongo wake ni rangi moja. Jioni hakuna jicho la kuutenga.

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuna kipofu wa Bethsaida. Yesu alipomgusa mara ya kwanza, aliona watu sawa miti inayotembea. Bwana hakumwacha hapo. Alimgusa tena, akaona wazi. Basi na sisi tusiridhike kumwona jirani nusunusu. Kitambaa cheupe ni kitu kidogo, lakini kinaweza kumrudisha mtoto nyumbani.