Waombaji wa fildi waandaliwe mapema
Kila likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania huanza kuzunguka maofisini na bahasha za kaki, wakiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, maarufu kama fildi. Wengi hukimbilia shirika la umeme TANESCO, mamlaka ya mapato TRA na benki za Dar es Salaam, ilhali Tanzania Bara ina halmashauri 184 zenye barabara, visima na hesabu za kukaguliwa, na shirika la umma SIDO limelea viwanda vidogo tangu 1973.

Hawastahili lawama.

Chuo humkabidhi mwanafunzi barua ya utambulisho, kisha mara nyingi humwacha ahangaike mwenyewe. Wengi hawajawahi kufundishwa kuandika wasifu wa ukurasa mmoja unaotaja walichowahi kutengeneza, wala kuelezwa kwamba ombi lisilotaja kitengo huishia masjala. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hugharimia mafunzo haya kwa wanufaika wake. Inauma fedha hiyo ikiishia kwa mwanafunzi kutoa fotokopi tu ofisini.

Maandalizi yaanze muhula wa kwanza. Wahitimu walioajiriwa waalikwe kuendesha usaili wa majaribio, na kila idara ibandike orodha ya ofisi zilizopokea wanafunzi mwaka uliopita, za mikoani zikitangulia.