Vipande vya samaki vyenye kung'aa

Juma lililopita tuliahidi kuzungumza juu ya sabuni ya mawese. Sabuni itangoja. Tangu siku ya posho wengi wenu mmetusimamisha njiani na sokoni kutuuliza swali lile lile: vile vipande vya samaki vilivyoliwa kwenye mkutano vilifanywa namna gani, na kweli mtu anaweza kuvifanya nyumbani kwa mbabula moja na kikaango cha kawaida?

Anaweza. Lakini tuanze mwanzo, maana na sisi hatukufaulu mara ya kwanza.

Jambo lilianzia kwenye simu. Binti wa mmoja wetu alituonyesha video ya mwanamke wa Ulaya akikata samaki vipande vidogo, akivikaanga mpaka vinakauka nje, kisha akivimwagia asali iliyochemka pamoja na ndimu, mpaka vikang'aa kama viatu vya siku ya ndoa. Samaki yule nyama yake ni ya rangi ya papai. Anaitwa salmoni. Ni samaki wa nchi za baridi: anazaliwa mtoni, anashuka baharini kukua, halafu anarudi kwenye mto wake kutaga mayai. Siku hizi wengi wanaouzwa ni wa kufugwa, na Norwe ndiyo inayofuga kuliko wote. Ile rangi inatoka kwenye chakula anachokula, vidudu vya jamii ya kamba, na wale wanaofugwa huwekewa rangi ya namna hiyo katika chakula chao. Tuliyasikiliza hayo yote, tukacheka. Mpaka afike Kindu, salmoni atakuwa amepanda ndege nyingi kuliko sisi wote tukijumlishwa.

Bibi mmoja wa chama chetu ndiye aliyesema neno la maana: tusitafute jina la samaki, tutafute nyama yake. Salmoni ana nini? Ana nyama ngumu isiyovunjika kwenye kikaango, ana mafuta yake mwenyewe, na hana miiba midogo midogo mingi. Sasa Lualaba yetu ina nani wa namna hiyo?

Kapitene yumo. Huyu ndiye samaki anayefaa kuliko wote, nyama nyeupe, nene, na miiba yake ni mikubwa, inaonekana. Kwa wale wenye ndugu Mwanza: ni yule yule wanayemwita sangara. Kule kwenye ziwa Viktoria alipelekwa na watu, katika miaka ya 1950. Kwetu yeye ni mwenyeji. Wa pili ni kambale. Hana magamba, ana mafuta, na watoto wanampenda. Tilapia anaweza kufaa kama mkono wako una subira ya kutoa miiba, sisi hatuna. Makayabo hapana, chumvi yake na asali havipatani. Na ndagala waacheni jinsi walivyo, wakaangwe wazima na waliwe na mifupa yao, maana mfupa ule ndio unaojenga mfupa wa mtoto.

Tulichanga pesa, tukanunua kapitene wa karibu kilo mbili asubuhi mapema, mitumbwi ilipotia nanga. Muuzaji alituuliza kama tuna kilio ama sherehe. Tukasema tuna shule.

Shule ile ilianza vibaya. Tulimwaga asali ndani ya kikaango samaki wakiwa bado wanakaangwa. Asali iliungua kabla samaki hajaiva, ikawa nyeusi, chungu, na mafuta yote yakaharibika. Kosa la pili: samaki alikuwa bado na maji. Mafuta yaliruka kama mvua ya mawe, na mwenzetu mmoja ana alama mkononi mpaka leo. Kwa hiyo kabla ya yote: watoto wakae mbali na mbabula, na mtu akirukiwa na mafuta, mwagieni maji safi ya baridi juu ya jeraha kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si mawese, si unga. Maji.

Mara ya pili tulifanya hivi, na ndivyo tunavyowaandikia.

Toa nyama kwenye mfupa, ondoa ngozi ukipenda. Pitisha kidole juu ya nyama, polepole, mara mbili. Mwiba ambao jicho halikuuona kidole kitauona. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kichwa na mfupa wa katikati usivitupe, tutavirudia. Nyunyizia chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa na maji ya nusu ndimu, uache kama robo saa. Usizidishe. Ndimu ikikaa muda mrefu inaipika nyama kabla ya moto, nayo inakuwa kama unga mdomoni.

Kisha kausha. Hapa ndipo penye kazi yote. Panga vipande juu ya kitambaa safi, funika kwa kitambaa kingine, bonyeza taratibu. Samaki mwenye maji hatakauka nje hata ukimkaanga mpaka jioni.

Unga wa kuvikia: sehemu mbili za unga wa mchele, sehemu moja ya unga wa mihogo, chumvi kidogo. Yule mwanamke wa kwenye simu alitumia unga wa dukani ambao hatukuujua hata jina. Sisi Maniema, wenye mchele kila upande, tukaenda dukani kutafuta nini? Loweka mchele kikombe kimoja kwa saa mbili, anika ukauke nusu, twanga, chekecha. Unga wa mchele unafanya ganda gumu linalolia kwenye meno. Wa mihogo unalishikilia. Lakini mihogo iwe imelowekwa siku zake zote tatu au nne na kukaushwa vizuri. Mihogo michungu iliyofanyiwa haraka inabaki na sumu, na usitumainie mafuta ya moto kuiondoa.

Viringisha vipande katika unga, viache dakika kumi mpaka unga ushike, kung'uta uliozidi. Mafuta yawe na kina cha vidole viwili. Yajaribu kwa kijiti kikavu: mapovu madogo yakizunguka kijiti, yako tayari, yakitoa moshi, punguza makala. Kaanga vichache vichache, dakika tatu au nne. Ukijaza kikaango mafuta yanapoa, na vipande vinayanywa badala ya kuiva. Vitoe uvipange juu ya ungo au chekeche, visilaliane. Ukivirundika kwenye sahani na kufunika, mvuke wao wenyewe utavilegeza. Vyote vikiisha, virudishe kwenye mafuta kwa dakika moja tu. Hiyo mara ya pili ndiyo siri ambayo video ile iliipitia mbio.

Sasa kile kinachong'aa. Katika sufuria ndogo, pembeni, mbali na kikaango: vijiko vitatu vya asali, kijiko kimoja cha maji ya ndimu, tangawizi iliyokunwa, pilipili kadiri ya nyumba yako, chumvi kidogo. Moto mdogo. Ikichemka na kuanza kushika kijiko, toa. Kama huna asali, chukua vijiko vinne vya sukari, viyeyushe vikavu mpaka rangi ya chai, weka maji nusu glasi ukiwa umegeuza uso maana yanaruka, kisha ndimu na tangawizi. Mimina juu ya vipande wakati watu wamekwisha kukaa, geuza mara mbili tatu, peleka. Ganda lile halina subira. Baada ya robo saa utakuwa na samaki mtamu, lakini laini.

Msifikiri ni ugeni mkubwa. Wanawake wa pwani, kule Zanzibar na Mombasa, wana samaki wao wa kupaka, ambaye huchomwa na kupakwa mchuzi mzito wa nazi. Na wapishi wa Kasongo, ambao mababu zao walikuja na misafara kutoka pwani, hawahitaji kufundishwa na simu namna ya kumvika samaki.

Mambo mawili ya kushika sana, hasa ninyi wenye watoto wadogo. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata iliyochemshwa, hata kidole kimoja cha kulamba. Ndani ya asali kunaweza kuwa na mbegu za mdudu wa ugonjwa ambazo moto wa jikoni hauziui. Mkubwa hazimdhuru, lakini tumbo la mtoto mchanga haliziwezi, na zinaweza kumlegeza viungo mpaka pumzi. Aliyekwisha anza kula, mpikie kipande chake kwa mvuke, bila unga wala asali, kiponde, ukipapase tena kwa vidole kutafuta mwiba.

La pili ni mafuta. Wengi wetu tunachoma mawese mpaka yapoteze wekundu, tukisema yamekuwa masafi. Wekundu ule ndio wenye vitamini A ambayo macho ya watoto yanaihitaji; ukiuchoma umeununua bure. Ukitumia mawese kwa vipande hivi, moto uwe wa kadiri na usingoje moshi. Ladha ya mawese itasikika. Sisi tumeipenda, wengine wamesema inashindana na asali.

Basi. Kapitene wetu alitoa vipande 44. Tulikuwa 22, kila mmoja viwili. Na hapa ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulipanga: karibu wote walikula kimoja. Cha pili kilifungwa kwenye jani, kikaingia mkobani. Hakuna aliyesema kitu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Halafu mama mmoja akasema kwa sauti. Kwake samaki ana wenyewe, alisema. Kichwa na katikati ni vya baba, mkia ni wa mtoto wa kiume mkubwa, wengine wanachovya bukari kwenye mchuzi. Yeye mwenyewe hajui lini alikula nyama ya samaki aliyompika. Na mke wa mtoto wake, mwenye mimba ya miezi saba, anakatazwa kambale kabisa, eti kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. "Sasa hivi vipande," akasema, "havina kichwa wala katikati. Nitavigawanya namna gani?"

Tukamjibu kwa kucheka, kwa hesabu: nyumba ina watu wangapi? Wanane. Haya, hesabu.

Alijaribu siku mbili baadaye, kwa kambale mdogo. Akapata vipande 24, vitatu kwa kila mtu, na vya mke wa mtoto wake akampa yeye mwenyewe mkononi. Mtoto wake wa miaka tisa alitazama sahani yake akauliza, "Mama, hivi vyote ni vyangu?" Baba naye alitazama sahani yake. Akauliza kama siku hizi na yeye amekuwa mtoto. Hapo mama akaleta bakuli: kichwa kizima na mfupa wa katikati, vimepikwa mchuzi wa nyanya na pilipili, vimewekwa mbele ya mwenye nyumba peke yake. Ndiyo maana tulisema msivitupe. Baba alikunywa mchuzi, akala vipande vyake vitatu, akainuka bila neno. Mama anasema mpaka leo hajui kama kile kimya kilikuwa cha amani ama cha hasira.

Mwenzetu mwingine alitupinga, na ana haki. Mafuta yale, asali ile, makala yale, nani ataviweza kila juma? Hatusemi kila juma. Sisi wenyewe tumeweka mara moja kwa mwezi, siku ya likelemba, na mafuta tunayachuja kwa kitambaa, tunayatumia mara ya pili kwa mboga, kisha basi. Siku nyingine sombe na samaki wa mchuzi vinatosha. Ila huyo huyo mama wa watu wanane anatuambia kwamba hata samaki wa mchuzi sasa anamkata vipande sawa kabla ya kumtia chunguni, na mtoto wake wa miaka tisa ndiye anayehesabu. Mke wa mtoto wake anakula kambale. Bibi wa nyumba ile, mama wa baba, amekasirika; wanaendelea kuzungumza.

Siku ya posho ijayo ni zamu ya wamama wa Alunguli kununua samaki. Wakikosa kapitene, walete kambale wawili. Kila mtu aje na kisu chenye makali na kitambaa safi cha kukaushia. Mara iliyopita vitambaa vilikuwa vitatu tu. Na mwenye chekeche kubwa asilisahau nyumbani.