Shura na Mabaraza ya Wanafunzi Katika Shule Zetu

 

Ndugu Waislamu, limezuka swali katika baadhi ya kamati zinazosimamia shule na madrasa zetu: je, yafaa wanafunzi wawe na baraza walilolichagua wenyewe, na mjumbe wao aketi katika vikao vya kamati? Wapo waliojibu papo hapo kwamba hili ni jambo la kimagharibi, lililoletwa na mashirika ya haki za watoto ili kuvunja heshima baina ya mwanafunzi na mwalimu wake. Sisi tunaona jibu hilo limetolewa kabla swali halijatazamwa.

Hapa Kenya jambo lenyewe si geni tena. Mwaka 2009 liliundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za sekondari, na shule zikatakiwa kuacha desturi ya walimu kuteua viranja na badala yake wanafunzi wawachague viongozi wao. Kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 56, ikampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi ndani ya bodi ya shule kwa wadhifa wake. Jirani zetu wa Tanzania nao, katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, waliandika kwamba mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni asinyimwe haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Haya hayakuja kwa kupenda mambo mapya tu. Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka kwamba mwezi Mei 1999, katika shule ya wavulana ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto usiku wakiwa wamelala katika chumba chao. Walioshukiwa walikuwa wanafunzi wenzao. Mwezi Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos, na wanafunzi wawili wakafikishwa mahakamani. Hatusemi kwamba kura ya kuchagua kiranja ingeuzima moto ule; mwenye kusema hivyo anarahisisha msiba. Na aliyetia moto kwa kusudi ana dhambi yake kamili, hana udhuru wa chakula kibaya wala mwalimu mkali. Tunachosema ni kwamba kiranja aliyeteuliwa na walimu huonekana na wenzake kuwa jasusi, na shule isiyo na mlango wa kupitishia malalamiko huyasikia malalamiko hayo siku yalipokwisha kugeuka kuwa kitu kingine.

Lakini sisi hatuchukui dini yetu kutoka katika sheria za bunge. Tutazame, je, asili ya jambo hili imo katika Qur'ani na Sunna?

Nabii Ibrahim (A.S.) alipooneshwa katika ndoto kwamba anamchinja mwanawe, na ndoto za Mitume ni wahyi, hakumkamata mtoto kwa nguvu. Alimweleza aliyoyaona, kisha akamtaka atazame na aseme ana rai gani. Haya yamo katika Surat As-Saffat, aya ya 102. Amri ilikuwa imekwisha kutoka mbinguni, haikuwa na nafasi ya kupigiwa kura, na hata hivyo baba alimpa mwanawe heshima ya kuulizwa. Basi sisi tunaopanga saa za darsa na aina ya uji kwa rai zetu wenyewe, bila wahyi wowote, tuna kiburi gani cha kutouliza?

Hoja tunayoisikia zaidi ni kwamba vijana hukosea. Ni kweli, hukosea. Wenye hoja hii twawaomba wasome tena habari za Uhud. Mtume (S.A.W.) alikuwa akielekea kubaki ndani ya Madina na kumngoja adui humo. Wakasimama watu, wengi wao wakiwa vijana ambao Badr iliwapita, wakashikilia kutoka nje wakutane na Makureshi uwanjani. Aliifuata rai yao. Alipokwisha kuvaa deraya yake wao wenyewe wakajuta na kutaka kuirudisha rai, naye hakurudi nyuma. Yaliyotokea yanajulikana: waliuawa Waislamu 70, akiwemo Hamza (R.A.), na Mtume (S.A.W.) mwenyewe akajeruhiwa usoni.

Lau shura ingekuwa ni jambo la kufutwa kwa sababu walioshauri walikosea, siku ya kuifuta ilikuwa ile. Kinyume chake, katika mlango uleule wa Surat Aal Imran unaozungumzia Uhud, aya ya 159, Mtume (S.A.W.) aliamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kushauriana nao. Majeraha hayajakauka, na amri ni ileile. Sisi hukutana na darasa lililokosea mara moja, pengine lilichagua kiongozi mzembe au liliomba safari isiyo na faida, tukaazimia lisiulizwe tena mpaka Kiyama. Tumeipata wapi Sunna hiyo?

Upo mfano mwingine wa Uhud ambao husahauliwa. Abdullah bin Umar (R.A.) alirudishwa siku ile kwa kuwa alikuwa na miaka 14. Siku ya Khandaq, akiwa na miaka 15, alikubaliwa. Wanafunzi wetu wa madarasa ya juu wengi wamekwisha kubaleghe. Wanahesabiwa sala zao, saumu zao na ulimi wao. Malaika wanaandika wanayoyasema, na sisi twawaambia hawana la kusema kuhusu maharagwe yenye dumuzi!

Na ni Abdullah huyuhuyu aliyesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza Masahaba kuhusu mti unaofanana na Muislamu. Alijua moyoni kuwa ni mtende, akanyamaza kwa kuwastahi wakubwa waliokuwapo. Alipomweleza baba yake, Umar (R.A.) hakumsifu kwa adabu ya kunyamaza, bali alisikitika kwamba hakusema. Na baadaye, alipokuwa Khalifa, Umar akawa anamwingiza kijana Ibn Abbas (R.A.) katika baraza la wazee wa Badr. Baadhi yao waliona uzito, wakasema nao wana watoto kama yeye. Umar akawauliza wote maana ya Surat An-Nasr, na ikadhihiri kwamba kijana aliona ndani yake dalili ya ajali ya Mtume (S.A.W.), jambo ambalo wazee wengine hawakuligusia. Kuna kisa kingine cha siku ya Badr ambacho wahadhiri hupenda kukitaja katika mlango wa shura, lakini wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya isnadi yake, basi tunakiacha. Haya yaliyo katika Sahihi yanatosha.

Sasa tuseme mipaka, kwani wapo wanaodhani baraza la wanafunzi ni mahakama ya kuwahukumu walimu. Palipo na nassi hapana shura. Siku ya Hudaybiyya Masahaba wengi, na Umar miongoni mwao, waliona mkataba ule mzito, na Mtume (S.A.W.) hakuuacha kwa ajili ya wingi wao. Vivyo hivyo baraza halitajadili kama sala ya jamaa iwepo, wala stara, wala matokeo ya mtihani. Lakini ratiba, chakula, usafi wa vyoo, namna ya adhabu, matumizi ya maktaba na muda wa kulala ni mambo ya ijtihadi, na anayelala katika bweni anayajua kuliko mwenyekiti wa kamati anayelala kwake. Wanafunzi wetu wengi huamka kabla ya Alfajiri, huwa shuleni hadi alasiri, kisha huja chuoni kuhifadhi mpaka Isha. Nani kati yetu amewauliza ni saa ipi hifdhi huingia na ni saa ipi hutoka sikio la pili?

Kuhusu uchaguzi tuna tahadhari moja kubwa. Kampeni za kujisifu, mabango na peremende za kununua kura hatuzitaki. Mtume (S.A.W.) alimkataza Abdurrahman bin Samura (R.A.) kuuomba uongozi, na hili si jambo la kufundisha darasani asubuhi na kulivunja jioni. Tunapendekeza asijitaje mtu. Wanafunzi wamtaje mwenzao, kisha wapige kura kwa siri, na kabila au utajiri wa baba usitajwe kabisa.

Wasichana wawe na baraza lao pamoja na mwalimu wa kike wa kulisimamia, na maneno yao yafike kamati kama yalivyo, bila kupunguzwa njiani. Zipo haja za mwanamke katika bweni, za maji, za faragha na za siku zake za mwezi, ambazo hakuna msichana mwenye haya atakayemweleza mudiri. Kamati ya wanaume watupu huweza kukaa mwaka mzima bila kujua kwamba mlango wa hamamu hauna komeo.

Na lipo jambo zito zaidi. Mwalimu mwovu, na Mwenyezi Mungu atuepushe naye, hujificha nyuma ya heshima ya walimu wema. Mtoto aliyezoeshwa kwamba kusema ni utovu wa adabu hatasema hata anapodhulumiwa mwili wake. Dhuluma ya namna hiyo haimalizwi katika baraza la wanafunzi wala katika kikao cha wazee cha kusitiriana. Ni ya kupelekwa kwa wazazi na kwa vyombo vya sheria siku hiyohiyo. Lakini mtoto hufika huko akiwa amekwisha kuzoea kwamba akisema jambo dogo husikilizwa.

Basi kwa kamati zinazosoma ukurasa huu, tunaomba muhula ujao uanze na mambo machache. Pawe na daftari ambamo baraza litaandika hoja zake, na kila hoja ijibiwe kwa maandishi ndani ya wiki mbili. Jibu likiwa ni hapana, sababu yake itajwe. Mjumbe wa wanafunzi aalikwe kikaoni tangu mwanzo, si kuitwa mwishoni asikilize maamuzi yaliyokwisha kupita. Gharama yake ni daftari moja na kiti kimoja, na imamu wa kila msikiti anaweza kuuliza baada ya sala ya Ijumaa kama kiti hicho kimekwisha wekwa.