Makumbusho ya Sonobudoyo na Miswada Isiyosomwa

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kukumbusha. Ni haki basi kuuliza: makumbusho humkumbusha nani, na humkumbusha nini? Swali hili linayahusu mno Makumbusho ya Sonobudoyo, mjini Yogyakarta, kisiwani Java. Yalifunguliwa mwaka 1935, enzi ya ukoloni wa Kiholanzi, kwa juhudi za Java Instituut, taasisi iliyoundwa mwaka 1919 ili kuendeleza utamaduni wa Java na visiwa jirani.

Mgeni aingiapo humo hulakiwa na ala za gamelan, vitambaa vya batiki, majambia yaitwayo keris, vinyago, na vikaragosi vya wayang vilivyochongwa kwa ngozi ya nyati. Wengi hutazama, husifu, kisha huenda zao. Hapo ndipo penye kasoro. Kikaragosi kilichowekwa ndani ya kioo ni ngozi tu. Uhai wake umo katika ulimi wa dalang, mtambaji anayeketi kwenye pazia akivichezesha vikaragosi vyote na kukipa kila kimoja usemi unaolingana na hadhi yake: ngoko kwa wenzi, krama kwa wanaostahiwa. Inafaa kuyapongeza makumbusho haya kwa kuandaa pia maonyesho ya wayang nyakati za usiku.

Suala zito zaidi ni la miswada. Kijava kina hati yake yenye herufi 20 za msingi, na kiliandikwa pia kwa herufi za Kiarabu, mtindo uitwao pegon. Leo huandikwa zaidi kwa herufi za Kilatini. Hivyo lugha yenye wasemaji makumi ya mamilioni ina hazina ambayo wengi wao hawawezi kuisoma. Aidha, Waingereza walipolivamia kasri la Yogyakarta mwaka 1812, waliitwaa maktaba yake. Nakala za kidijitali za miswada 75 zilikabidhiwa Sultani mwaka 2019, lakini miswada yenyewe imebaki London.

Wapo wadaio kwamba kurejeshwa kwa mali hiyo kungemaliza tatizo. Dai hilo lina haki ndani yake, ila ni nusu ya hoja. Mswada uliorejeshwa kwa wasioweza kuusoma umebadilishiwa kabati tu.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kuwacheka Wajava. Tenzi za kale za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na miswada mingi ya Kiswahili imehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Ni wangapi wanaohitimu shahada ya Kiswahili wakiwa na uwezo wa kuisoma bila kutegemea unukuzi wa mtu mwingine? Idara za Kiswahili hazina budi kuifanya hati hiyo kuwa somo la lazima kwa wanafunzi wa fasihi.

Wahenga walionya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisilo na msomaji nalo halina la kuhifadhi.