Bei Iandikwe Hadharani

Apitaye njia kuu itokayo Mbeya kwenda Kasumulu, mpakani mwa Malawi, hana haja ya kusimuliwa rutuba ya wilaya ya Rungwe, kwani tangu Isongole hata Kiwira, na tangu Kiwira hata Tukuyu, mazao yenyewe yamepangwa kandokando ya barabara yakimngoja mnunuzi: viazi, maparachichi, mikungu ya ndizi, na mbele kidogo mashamba ya chai ya Katumba. Lililo jipya ni kwamba muuzaji yule yule aketiye nyuma ya ndoo zake leo ana soko la pili kiganjani, yaani simu. Na katika soko hilo, ambalo wateja wake wako Dodoma, Dar es Salaam na hata Unguja, amejizoeza ada moja ambayo katika soko la kwanza ingemfanya achekwe na wenzake. Ada hiyo ni kuficha bei.

Tazama tangazo la kawaida la Instagram au la stetasi ya WhatsApp. Picha imepigwa kwa ufundi: maparachichi ya Hass yamejaa kreti, moja limepasuliwa nyama yake ionekane, na nyuma yake ukungu umeufunika Mlima Rungwe. Chini yameandikwa maneno, "Mzigo mpya umeingia, wahi mapema." Mteja auliza kwa adabu, "Dada, kilo shilingi ngapi?" Ajibiwa, "Karibu inboksi mpenzi." Wa pili auliza lile lile, ajibiwa vile vile. Huko inboksi nako mteja hupokewa na maswali, uko wapi, unataka kiasi gani, wa jumla au wa rejareja, na aghalabu mwenye haraka huwa amekwisha kununua kwingine kabla bei haijatamkwa.

Wafichao bei hawakosi hujja. Wako wasemao kwamba jirani akiiona bei yao ataishusha yake; na wako wasemao kwamba maulizo yakiwa mengi chini ya picha, mtandao huisambaza kwa watu wengi zaidi. Hili la pili lina ukweli, ila mtazamaji halipi nauli ya mzigo. Hoja iliyo na heshima ni ya tatu, kwamba kupatana bei ni desturi ya masoko yetu tangu zamani, na anayetangaza bei moja kwa wote ameua mazungumzo ambayo ndiyo utamu wa biashara.

Lakini fikiri jinsi mapatano yanavyokwenda sokoni. Mkungu uko chini, kati ya watu wawili; mnunuzi huuinua, huhesabu chana, huukagua kama umekomaa, hutaja bei yake, hugeuka kana kwamba anakwenda zake, huitwa, hurudi. Wote wawili wanaiona bidhaa sawasawa. Katika simu mambo yamepinduka: mnunuzi anaiona picha ya ndizi tu, hali muuzaji anaiona picha ya mnunuzi, na ni mja gani asiyeshawishika kumtajia bei ya mwenye gari yule aliyejipiga picha ameegemea gari? Hayo hayawi mapatano tena. Ni kupima wajihi wa mtu.

Kisha kuna kipimo. Ndoo itangazwayo ni ya lita kumi au ya ishirini, na imejazwa hadi ukingoni au imefanywa kilima? Sheria ya Vipimo imekataza lumbesa, yaani gunia lililorundikwa kupita mdomo wake, na gunia la mazao halipasi kuzidi kilo 100; hata hivyo lumbesa hupigwa picha bila haya. Kwa parachichi ningeongeza siku ya kuchumwa, maana tunda hilo haliivi mtini, na lililochumwa changa hunyauka na kuwa gumu kama mpira badala ya kulainika, hasara ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam huigundua siku kadha baada ya fedha kwenda.

Fedha nazo hutangulia mzigo. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 tumezoea kulipana pasipo kuonana, na wajanja wakazoea kutuandikia, "ile pesa tuma kwenye namba hii." Basi mtu aliyekwisha kupokea ujumbe wa namna hiyo, akiambiwa na muuzaji asiyemjua atume yote "na ya kutolea", shaka yake ni ya haki. Dawa yake ni tangazo lililo wazi: bei ya kilo, nauli ya basi, nani atabeba hasara tunda likioza njiani, na picha ya risiti ya mzigo siku ile ile unapopakiwa.

Nimeliweka mwisho lililo zito kuliko yote. Dalali mwenye lori aingiapo mashambani, iwe Masoko au Busokelo, humpangia mkulima bei kwa sababu moja kubwa, kwamba mkulima hajui mjini wananunua kwa kiasi gani. Bei ikiandikwa hadharani na binti wa Tukuyu auzaye kwa simu, huyo mkulima, au mwanawe mwenye simu, angeisoma bure na kupata la kumjibu dalali. Tunapoificha inboksi twamfanyia dalali kazi yake pasipo ujira. Maafisa biashara wa Halmashauri nao wangetenda jema kubandika kila wiki bei za masoko ya Tukuyu na Kiwira katika kurasa zao, ambazo sasa zimejaa picha za mikutano.

Nawe msomaji, ukikuta tangazo lisilo na bei, usiende inboksi. Uliza pale pale mbele ya watu, na asipokujibu, nunua kwa mwenzake.