Nyoka wa Kahawia Hali Panya

Kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Septemba, katika sehemu kubwa ya mashariki na katikati ya Marekani, watoto huokota vinyoka vyembamba chini ya mawe, mbao zilizooza na vyungu vya maua. Miongoni mwa watoto hao wamo wa kwetu, wa Afrika Mashariki, walioko Columbus, Louisville na kwingineko. Nyoka mwenyewe ni Storeria dekayi, nyoka wa kahawia wa Amerika Kaskazini, aliyepewa jina la James De Kay, mwanasayansi wa New York wa karne ya 19. Ni mkaazi wa mijini kabisa: anaishi kwenye viwanja vitupu, bustani na makaburi, chini ya takataka zetu. Akishaingizwa ndani kwenye chupa ya jemu, ushauri humiminika kutoka kwa majirani na wajomba, na mwingi wa ushauri huo ndio unaomuua. Nazijibu hoja hizo kama zinavyosemwa.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka, huyo ana sumu." Wanaosema hivyo mara nyingi wamesikia habari za nyoka wa kahawia wa Australia, Pseudonaja textilis, ambaye kweli anaua watu. Yule ni wa ukoo wa swila na koboko, na hutaga mayai. Huyu wa Marekani anazaa watoto hai, hana madhara kwa binadamu, na akiwa mtu mzima kwa kawaida huwa na sentimita 23 hadi 33 tu. Ukimshika kwa nguvu atajibapa, kisha atakupaka uvundo unaokaa mkononi hata baada ya sabuni. Silaha yake ndiyo hiyo.

Lakini wanaoogopa hawakosi sababu yote. Katika majimbo kama Kentucky na Ohio yupo pia nyoka wa kichwa cha shaba, Agkistrodon contortrix, jamaa wa moma, na mtoto wake ana sumu tangu siku ya kwanza. Kuwatofautisha si kazi kubwa. Kichanga wa nyoka wa kahawia ana urefu wa sentimita 7 hadi 11, ni mwembamba, mweusi au kijivu cha giza, na ana ukanda wa rangi ya maziwa unaozunguka shingo. Mtoto wa kichwa cha shaba anakaribia sentimita 20 tangu kuzaliwa, ni mnene, ana mabaka mgongoni, na ncha ya mkia wake ni ya njano iliyochanganyika na kijani. Usiyemtambua usimguse. Hilo halina mjadala.

"Nyoka hula panya, kanunue panya wachanga." Hapa ndipo wengi huharibu. Duka la wanyama litakuuzia panya wa siku moja, asiye na manyoya, aliyegandishwa, kwa sababu ndicho chakula cha nyoka wengi wanaofugwa. Sasa piga hesabu: panya huyo ana gramu moja au zaidi, na kichanga wetu hafiki hata nusu gramu. Unamletea mlo unaomzidi uzito mara kadhaa, halafu unashangaa kwa nini amejificha. Hata mama yake hamtaki panya. Ukoo huu umejengwa kwa ajili ya viumbe laini wenye utelezi: koa, konokono wadogo na nyungunyungu. Meno yake ni marefu na membamba, ya kunasa kitu kinachoteleza, na wamewahi kuonekana wakimng'ang'ania konokono, wakimkunja na kumvuta hadi misuli yake ichoke, kisha wakamtoa mzima ndani ya kombe lake. Afrika Mashariki tunaye nyoka wa desturi hiyohiyo, Duberria lutrix, anayekula makoa kwenye nyanda zenye unyevu za Kenya, Tanzania na Uganda, naye pia huzaa. Hakuna undugu wa karibu kati yao. Chakula tu ndicho kimewafananisha.

Kwa hiyo mpe koa mdogo kuliko kidole chako kidogo, tena mdogo sana, au kipande cha nyungunyungu kisichozidi unene wa nyoka mwenyewe. Mweke usiku, pahali pa giza, kwenye kikopo kidogo ambamo hawezi kukipita chakula bila kukigusa, na usisimame juu yake ukichungulia. Ananusa kwa ulimi, na kipande kibichi chenye ute humwita vizuri kuliko kilichokauka. Akila, rudia baada ya siku mbili au tatu. Mabaki yaondoe asubuhi, maana koa aliyeoza ndani ya kikopo ni balaa.

Kuna mitego miwili katika chakula hicho hicho. Wa kwanza ni wale minyoo wekundu wanaouzwa kwa ajili ya mboji, Eisenia fetida. Wakibanwa hutoa majimaji ya njano yenye harufu, na ndani yake mna protini inayodhuru seli za wanyama wenye uti wa mgongo. Nyoka wengi huwatema, na anayewameza anaweza kuugua. Tafuta nyungunyungu wa kawaida wa udongoni. Wa pili ni dawa. Bustani nyingi za Marekani humwagiwa chembechembe za kuua makoa, na koa aliyekwisha kuzila anapoliwa na nyoka, sumu inahama naye. Kama hujui bustani ya jirani inanyunyiziwa nini, koa wake muache hukohuko.

Wengine hukimbilia nyenje, kwa kuwa duka linao. Nyenje si chakula cha nyoka huyu, na nyenje mwenye njaa aliyefungiwa na nyoka wa sentimita nane ndiye atakayeanza kutafuna.

"Hajala tangu jana, mfungue kinywa umlishe." Usithubutu. Kichanga huzaliwa akiwa na akiba ya kiini tumboni, na muda mfupi baada ya kuzaliwa hujivua gamba lake la kwanza. Siku kadhaa bila kula mwanzoni ni jambo la kawaida. Taya la nyoka wa nusu gramu halina pa kushika, na kibano kilicholenga kusaidia hulivunja. Badili ukubwa wa chakula, ongeza unyevu, mwache gizani. Ikipita zaidi ya wiki moja hivi naye bado anakataa, jibu si kumlazimisha, ni kumrudisha alikotoka.

"Mweke na mama yake atamlisha." Hapana. Mama akishazaa, na anaweza kuzaa watoto zaidi ya 30 kwa mkupuo mmoja, kazi yake imekwisha. Hawalishi, hawalindi, hawatambui.

"Nyoka anahitaji joto, mwashie taa." Ushauri huu una sura ya kitaalamu, kwa sababu ni kweli kwa chatu. Nyoka wa kahawia anaishi kuanzia kusini mwa Kanada hadi Honduras, lakini popote alipo anaishi chini ya vitu, kwenye ubaridi na majimaji. Joto la chumba, nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi, linamtosha kabisa. Mwili mdogo hupoteza maji upesi mno, na chini ya taa kichanga anaweza kukauka kama uzi kati ya asubuhi na jioni. Nikiulizwa ni kitu gani huwaua wengi wao ndani ya nyumba, ninasema ukavu, na njaa inafuata nyuma.

Dawa yake ni rahisi: karatasi laini ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa upande mmoja wa kikopo, kavu upande wa pili, majani makavu kidogo ya kujificha, na kifuniko cha chupa chenye maji yanayobadilishwa kila siku. Upande mkavu usiusahau. Anayelazwa kwenye majimaji usiku na mchana hutokwa na malengelenge tumboni, na hayo hupona kwa shida.

"Wavu juu unatosha." Anapita. Penye nafasi ya kupitisha njiti ya kiberiti ndipo anapopita. Tumia kikopo chenye mfuniko wa kubana, ukitoboe kwa pini.

"Nje kuna baridi inakuja, kumweka ndani ni kumwokoa." Hoja hii ndiyo yenye huruma kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Nyoka hawa wamepita majira ya baridi ya New York tangu kabla ya jiji lenyewe kuwapo. Vuli inapofika hushuka kwenye nyufa za misingi ya nyumba, mashimo ya panya na vichuguu vya sisimizi vilivyoachwa, wakajikusanya, mara nyingine pamoja na nyoka wa aina nyingine, chini ya kina kinachofikiwa na ganda la barafu. Wengi wa watoto hufa porini, ni kweli. Ila wanaofungiwa kwenye chupa na watu wasio na makoa hufa karibu wote.

Tena kuna sheria. Majimbo hayana kanuni moja: mengine yanaruhusu kumchukua nyoka wa porini, mengine yanadai kibali, mengine yanakataza. Ofisi ya wanyamapori ya jimbo lako inajibu swali hilo kwa simu moja, na mgeni mwenye karatasi za uhamiaji zinazosubiriwa hana sababu ya kubahatisha.

Basi mzazi mwenzangu, mtoto akikuletea huyo mwenye ukanda shingoni, mruhusu amtazame, ampime kwa rula, ampige picha. Kisha kabla ya giza mrudisheni pale pale alipookotwa, chini ya jiwe lile lile, kabla umande wa kwanza wa barafu haujaanza kuanguka. Kama alikwisha kukaa na mijusi au nyoka wengine wa kufugwa, usimwachie, kwa kuwa anaweza kupeleka magonjwa porini. Piga simu ofisi ya wanyamapori wakuelekeze.